Baiskeli Mbeya mpaka Tukuyu siku moja: tupange msosi mapema, ya Isyonje yasijirudie

Gia Ndogo (mleta uzi)

Wakuu habari za Jumapili. Wakubwa shikamooni.

Kuna kikundi chetu cha baiskeli hapa Mbeya, hatuna jezi wala katiba, ni watu wa mtaani tu, walimu wawili, mafundi, wanachuo, dada mmoja nesi na wengine wenye biashara zao. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wa tisa tunataka kushuka Tukuyu. Tunaanzia mjini, tukifika Uyole tunakata kulia, tunapanda milima ya Uporoto mpaka Isyonje kule juu, afu mteremko wa Kiwira mpaka Tukuyu. Ni kama kilomita 70. Jioni tunarudi na kosta, baiskeli juu ya keria. Tupo 14 mpaka sasa.

Mambo ya baiskeli zenyewe tunayaweza, tyubu za akiba zipo, pampu ipo, fundi yupo. Nachotaka tujadili ni msosi, maana mwaka jana kilichotutesa ni msosi na sio kilima, na ngoja niwaeleze ilivyokuwa ili mtu asione nakuza jambo.

Mwaka jana tulikuwa 11. Tukakubaliana chakula kipikwe sehemu moja, wali na maharage kwenye hotipoti mbili kubwa, ndizi mkungu mzima, maji, vyote vikafungwa kwenye keria ya jamaa mmoja mwenye nguvu kuliko wote. Tuliona tumempa mtu sahihi. Sasa kwenye kupanda, kabla hata Isyonje haijaonekana, tairi yake ya nyuma ikapasuka, na kwa uzito ule hata kusukuma ilikuwa kazi, akafungua solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, imeganda kama jiwe. Sisi wa mbele hatujui, ukungu umeshuka, simu ziko ndani ya mabegi, tunakanyaga tu. Mwenye chakula yuko nyuma peke yake, wenye njaa wako mbele.

Tulipofika Isyonje kijana wetu mmoja, tena ndo alikuwa anatuongoza masaa mawili ya mwanzo, alishuka kwenye baiskeli akakaa kwenye majani pembeni ya lami. Nikamwambia vua kofia upumue. Akawa anatafuta ile klipu ya chini ya kidevu, vidole vinaigusa, vinateleza, vinaigusa tena, mikono inatetemeka mpaka mkanda unagonga shingo. Nilivomfungua mimi nikaona jasho la baridi, midomo myeupe. Nikamuuliza asubuhi ulikula nini, akasema chai. Chai na nini? Chai tu. Mama mmoja aliyekuwa anauza viazi vya kuchemsha pale ndo alituokoa, alitupa viazi na soda moja, na hela alikataa kuchukua mpaka kijana akae sawa. Kama dakika ishirini hivi ndo akaanza kuongea kama mtu.

Hotipoti zilitufikia saa 9 alasiri. Tukafungua, maharage yamechacha, yanatoa povu. Tulimwaga chakula cha watu 11 shambani kwa mtu.

Mi nimeshasema mwaka huu chakula hakipandi baiskeli moja. Lakini mi sio mpishi na sio mtaalamu, ndo maana nimeleta hapa. Wenye uzoefu leteni.

---

Mpwa wa Uyole

Mkuu pole sana kwa yaliyowakuta. Ila mi naona mnajitesa kubeba, njia yote hiyo kuna vyakula, Uyole kuna chipsi na mishikaki, Kiwira ndizi zimejaa barabarani, kwanini msinunue njiani kama watu wengine?

---

Gia Ndogo (mleta uzi)

Mpwa nimekuelewa na kununua tutanunua, ila angalia mahali njaa inapompata mtu. Uyole bado hujachoka, hutaki kula, ndo kwanza umetoka nyumbani. Kiwira kwenye ndizi umeshamaliza mlima. Shida iko hapo katikati, ile kupanda kutoka Uyole mpaka Isyonje, unapanda tu saa nzima na zaidi na huko juu ni zaidi ya mita 2,000, ndo mahali mwili unakula akiba yote. Kule muuzaji unaweza kumkuta au usimkute, inategemea siku. Na watu 14 mkisimama kwa mama mmoja mwenye sahani sita za chipsi, wa kwanza kula na wa mwisho kula wanapishana nusu saa, wa kwanza ameshapoa misuli.

---

Sindano ya Pili

Mi ndo yule nesi kwenye kikundi, acha niongezee kidogo maana hiki kitu nakiona hata kazini.

Mwili unaweka sukari yake kwenye misuli na ini, na ukikanyaga kwa nguvu hiyo akiba inakupeleka kama saa moja na nusu mpaka mawili hivi, baada ya hapo kama hujaingiza kitu unakata. Sio uvivu na sio kwamba mtu hana mazoezi. Yule kijana alikuwa anakanyaga kwa nguvu kuliko sisi wote wa mbele, ndo maana alichoma haraka kuliko sisi wote, na tumboni hakukuwa na kitu.

Kwa safari ya masaa mengi hesabu inayotumika ni gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa. Kwa lugha ya sokoni, ndizi mbivu moja ya wastani ina kama gramu 25, kiazi kitamu kilichochemshwa cha ukubwa wa ngumi kama 30, soda chupa moja ndogo ni 30 na kitu. Kwahiyo ndizi moja na nusu kwa saa, au ndizi moja na maji yenye sukari, unatembea. Na kula kabla ya njaa. Ukishasikia njaa juu ya baiskeli umechelewa, kitu utakachokula kinahitaji muda kushuka.

Maji nayo. Kule juu kuna baridi na ukungu, mtu hasikii kiu, anafika Isyonje chupa imejaa vilevile kama alivyotoka nayo mjini. Jasho lakini limetoka, jaketi limelowa kwa ndani. Nusu lita kwa saa jilazimishe hata kwa mafunda madogo madogo. Mi mwaka huu nitachanganya ile ya kawaida tunayofundisha kina mama kliniki, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, mi naongeza limao ili inyweke. Chumvi msizidishe jamani, kipimo ni kipimo.

Kuhusu wali na maharage niliongea mwaka jana sikusikilizwa. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa zaidi ya masaa mawili kikiwa cha uvuguvugu. Hotipoti ikiwa kubwa na chakula hakikuingia kinachemka kabisa, inageuka kuwa kiota cha bakteria. Wali ni mbaya zaidi, kuna vijidudu vya kwenye wali ambavyo sumu yake hata ukipasha upya haifi. Mlivyomwaga mlifanya la maana kuliko yote siku ile.

---

Mama wa Chapati za Asubuhi

Wanangu, nimesoma hiyo habari ya kijana wa chai kavu nimeumia. Mimi nawafungia watu chapati za safari miaka mingi hapa stendi, madereva wa malori ya Kasumulu wengi wananijua kwa chapati tu, basi nisikilizeni.

Chapati ya safari sio chapati ya nyumbani. Ya nyumbani ina mafuta mengi na maji mengi ndo ilainike, ile ukiifunga jioni asubuhi inatoa harufu. Ya safari unga ukande mkavu kidogo, mafuta ya kupaka tu, uchome iive kabisa isiwe na kiini cheupe, afu usiirundike ya moto. Hapa ndo watu wanaharibu, wanatoa kwenye kikaango wanaweka juu ya nyingine wanafunika, inatoa jasho, jasho ndo linaozesha. Tandaza kwenye ungo ipoe kabisa, ndo ukunje.

Ya kufungia msihangaike, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku toka Juni 2019 na ilikuwa haifai kwa chakula hata hapo zamani. Chukueni jani la mgomba, lipitisheni juu ya moto wa mkaa kidogo tu lilegee lisipasuke, futa kwa kitambaa, kunja chapati mbili ndani, funga na kamba yake. Halitoi jasho, halivuji, na mkimaliza hata likidondoka shambani linaoza. Ukifungua lina harufu nzuri mpaka aliyeshiba anataka.

Mayai chemsheni dakika kumi na mbili, na MSIMENYE. Yai lenye ganda halichafuki njiani, lililomenywa mle ndani ya saa moja mbili. Chumvi na pilipili fungeni pembeni kwenye karatasi.

---

Gia Ndogo (mleta uzi)

Shikamoo mama, hili la kupoza kwenye ungo mi nilikuwa silijui, mke wangu kasoma hapa bega kwa bega kasema aliniambia. Tutakuja stendi kuchukua, hesabu 28.

---

Mnyororo Mkavu

Wakuu mi nina pingamizi mawili.

Moja, mayai na karanga na parachichi msivipange vya kupandia mlima. Ni vyakula vizuri, mi mwenyewe Rungwe parachichi nalisifia kila siku, ila vina mafuta, vinakaa tumboni muda mrefu, ukila ukaanza kupanda unasikia kiungulia na uzito. Hivyo ni vya mkishafika. Vya kupandia ni vile vitamu na laini, ndizi, kiazi, tende kama mnapata, kashata sawa ila ivunjwe vipande vidogo kabla ya safari maana kashata ngumu huku unahema inakaba koo, nimeshaona.

Pili, uzito. Mnasema kila mtu abebe chake, sawa, ila wekeni kwenye baiskeli sio mgongoni. Begi la mgongoni lenye lita tatu za maji na chakula, ukipanda kwa masaa mawili kiuno kinakatika, na mgongo unalowa jasho, afu mkianza kushuka Kiwira huo mgongo uliolowa ndo unakupiga baridi kali. Maji kwenye fremu, chakula kizito kwenye keria kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya zamani uliokatwa, mfuko wa mbele au wa jaketi uache kwa kile utakachokula saa hiyo hiyo. Chakula kikiwa mbali na mkono hakiliwi. Mtu hatosimama afungue keria kwa ajili ya ndizi, atasema ntakula mbele, mbele ndo huko Isyonje anatetemeka.

---

Mtoto wa Katumba

Ugonile wakuu. Mi wa huku Rungwe, karibuni sana.

Nyie wa mjini mnapanga kama mvua haipo. Huku kwetu mvua haina adabu, mwezi wa tisa kuna nafuu kuliko wa nne lakini unaweza ukatoka Uyole kwenye vumbi ukakuta Isyonje inanyesha. Kwahiyo chakula kifungwe kama kitanyeshewa, hayo majani ya mama ni sahihi kabisa ila juu yake tia kwenye bakuli la mfuniko au ndoo ndogo.

Lingine, Isyonje msipite bila kula. Mkifika juu mnafurahi mlima umeisha, mnataka kuteleza tu. Simameni dakika 15, vaa jaketi kavu, kula, kunywa kitu cha moto, ndo mshuke. Kwenye mteremko huwezi kula, mikono miwili iko kwenye breki, malori yanapanda na kushuka, kuna kona, na upepo unakupiga mpaka vidole vinakufa ganzi. Mwenye njaa hawezi kushika breki vizuri. Na mshuke mmoja nyuma ya mwingine, sio bega kwa bega mnapiga stori.

Lanchi msibebe kabisa. Tukuyu mama lishe wapo, mpigie mmoja siku mbili kabla, mpe nusu ya hela, mwambie watu 14 saa saba na nusu mchana, ndizi za kupika na nyama au maharage. Msipotoa taarifa mtakuta chakula cha watu watano na mtagombania. Mama akishajua mnakuja anapika chakula kinatoka jikoni kinafuka moshi, hakuna cha hotipoti wala kuchacha.

---

Ndizi na Maziwa

Naomba kuuliza, mi nina vidonda vya tumbo na natamani kwenda, maharage na soda kwangu ni balaa. Na kuna rafiki yangu tunataka kwenda nae ana kisukari anachoma sindano, hii habari ya vijiko 6 vya sukari inakuaje kwake?

---

Sindano ya Pili

Swali zuri na ndo lilitakiwa liwe la kwanza. Wewe usikae na tumbo tupu na usile vingi kwa mara moja, kiazi na ndizi kidogo kidogo kila nusu saa, limao kwako sitaweka, na dawa zako beba. Lanchi tutamwambia mama akupikie ndizi na nyama ya kuchemsha bila pilipili.

Rafiki yako kabla hajaja amuone daktari wake, sio mimi hapa kwenye simu, maana mazoezi ya masaa mengi yanashusha sukari na dozi yake inaweza kuhitaji kubadilishwa siku hiyo. Akiruhusiwa aje na kipimo chake, abebe glukosi mfukoni, na watu wawili tutakaokuwa karibu yake tujue dalili. Asikae wa mwisho peke yake hata mara moja.

Na Gia Ndogo, kabla hujachangisha hela uliza kila mtu chakula gani asichokula. Tuna Waislamu watatu, mtu asije akaagiza kitimoto Tukuyu kwa watu wote afu wenzetu wakae na soda.

---

Gia Ndogo (mleta uzi)

Dada umenikumbusha, nimeuliza kwenye grupu jana usiku. Kitimoto hakuna, nyama ni ng'ombe, mmoja hali nyama kabisa atapata maharage, na kumbe mwalimu mmoja akila mayai anavimba mdomo na mwaka jana alikaa kimya tu, hatukujua.

Sasa nimekaa na karatasi hivi ndo ilivyotoka. Tukiondoka saa 12 asubuhi na tukihesabu masaa sita barabarani pamoja na kupumzika, kila mtu anahitaji kama gramu 200 na kitu. Kwahiyo kila mtu kwenye baiskeli yake ndizi 4, viazi vitamu 2, chapati 2, kashata iliyovunjwa, na lita moja na nusu ya maji, nusu yake iwe ile ya sukari na chumvi ya dada. Kiwira tunajaza tena kwa kununua. Hapo hata mtu akibaki nyuma peke yake na tairi yake, njaa haimkuti. Na solusheni wawili wanabeba, mpya, nimezibonyeza mwenyewe dukani zinatoka.

Vya pamoja ni vichache. Chupa mbili za chai ya tangawizi yenye sukari kwa ajili ya Isyonje, moja abebe wa mbele na moja abebe wa mwisho, sio wote mbele. Mayai 14 na karanga kwa ajili ya Tukuyu tukisubiri chakula. Mfuko wa salfeti wa kukusanyia maganda ya mayai na takataka abebe mwanachuo mmoja kajitolea.

Saa 11 alfajiri kila mtu awe ameshakunywa uji wa ulezi kwake, kikombe kikubwa, na usiku wa kuamkia hapo ale ugali au wali vizuri. Yule kijana wetu atalala kwangu Ijumaa, nimeshamwambia mama yake.

Mchango elfu 15 kwa mtu, ndani yake kuna lanchi na nusu tumeshatuma Tukuyu. Mtoto wa Katumba ndaga fijo, asante sana, kwa namba ya mama lishe.

---

Mpwa wa Uyole

Nimebadilisha msimamo mkuu, nawasubiri njia panda saa 12 na nusu na mi nije. Ndizi zangu nanunua Ijumaa?

---

Gia Ndogo (mleta uzi)

Nunua Alhamisi zenye kijani kidogo kwenye ncha, mpaka Jumamosi zitakuwa njano na bado ngumu. Zilizoiva sana zinapondeka kwenye keria zinakuwa uji.

---

Gia Ndogo (mleta uzi)

MREJESHO

Tumerudi jana saa 2 usiku, wote 15 salama pamoja na Mpwa.

Isyonje tulifika saa 3 na dakika kumi, ukungu ulikuwepo ila mvua hakuna. Chai ya tangawizi ilitosha robo kikombe kila mtu na watu walitamani nyingine, mwakani chupa nne. Maji ya sukari na chumvi yaliisha kabla ya Kiwira, yale matupu yalibaki, kwahiyo mwakani tuchanganye lita nyingi zaidi, kipimo kile kile. Chapati za mama zilifunguliwa juu pale kwenye jani bado laini kabisa, na mama yule wa viazi wa mwaka jana tulimkuta, tukamlipa viazi vyake vya mwaka jana na vya mwaka huu, akaangalia watu wote akauliza yule mtoto yuko wapi. Alikuwa nyuma yake, anatafuna ndizi ya tatu.

Tairi zilipasuka mbili. Moja ya mwalimu karibu na Kiwira, alikaa nyuma na fundi nusu saa, walivyotukuta Tukuyu walikuwa wameshakula njiani na wanacheka. Rafiki mwenye kisukari daktari alimwambia asubiri safari fupi kwanza, akatangulia Tukuyu kwa kosta akatupokea na maparachichi.

Chakula cha mama lishe saa saba na dakika arobaini kiko mezani kinafuka, ndizi zimepikwa na nyama zikalainika mpaka mchuzi umekuwa mzito. Hakuna aliyebakisha. Mayai 9 yamerudi Mbeya, karanga zote zimerudi, Mnyororo Mkavu ulisema.

---

Mama wa Chapati za Asubuhi

Nashukuru Mungu mmerudi. Hizo chupa nne za chai leteni kwangu mapema mwakani nijaze mimi, na huyo mtoto aje nimuone.